Udongo wa Mpakani

Mama Rehema alikufa mwezi uliopita, na tangu tumzike sijapata usingizi wa maana. Nimemtaja hapa juu kabisa kwa sababu najua angekasirika kuwekwa mahali pengine popote. Tulikuwa majirani hapa Kwamndolwa tangu nywele zetu zikiwa nyeusi, dirisha lake likitazama mchicha wangu, na katika muda wote huo sikumbuki hata wiki moja kupita bila sisi kugombana kuhusu kuku wake. Kuku wa Mama Rehema hawakujua kwao ni wapi. Walikula mchicha wangu, wakaoga mchanga kwenye tuta langu la vitunguu, na mmoja wao, jogoo mwekundu mwenye jicho moja, alikuwa akija kusimama mlangoni kwangu na kunitazama kama mtu aliyetumwa kunikagua. Nilikwenda kwa balozi wa nyumba kumi. Nilikwenda hata kwa mwinjilisti wetu, ingawa Mama Rehema alikuwa Mwislamu na mwinjilisti hakuwa na mamlaka yoyote juu ya kuku wake. Siku aliyofariki nilijisemea moyoni kwamba haya, sasa mchicha utapona. Umepona kweli, umenawiri mpaka unaniuma kuutazama, na aliyedhoofika ni mimi.

Watoto wangu wana tiba zao. Mkubwa ameleta vidonge. Mjukuu wangu Neema, aliyekuja kutoka Dar es Salaam kunitazama, aliniwekea simu kando ya mto, na ndani ya simu hiyo mna mwanamke mwenye sauti laini anayeniambia nivute pumzi, niishike, niiachie polepole, nijione niko mahali penye amani. Nilimsikiliza yule mwanamke kwa adabu mpaka alipomaliza. Kisha nikamwambia Neema kwamba mambo hayo nilikuwa nikiyafundisha kabla mama yake hajazaliwa, na kwamba nilipoyafundisha nusura nipigwe. Neema alicheka akidhani natania. Ndipo nikamsimulia mwaka niliokaa Kwaluguru, mwaka watu walipohamishiwa vijijini, na nilipofika mwisho alikuwa ameacha kucheka, ananiangalia kwa wasiwasi. Nayaandika hapa kama nilivyomsimulia, pamoja na jambo nililolifanya kesho yake, ambalo yeye alilishuhudia kwa macho yake na mpaka leo hajanisamehe.

Nilikuwa msichana wa Lutindi, Mlutheri, nimetoka kumaliza kozi fupi ya huduma ya kwanza mjini Korogwe. Nilikabidhiwa sanduku la bati lenye aspro, klorokwini, bandeji na chupa ya dawa ya bluu ya kupaka vidonda, nikapelekwa Handeni kwenye kijiji ambacho kilikuwa kipya kiasi kwamba visiki vilikuwa bado vikichipua katikati ya barabara. Watu waliokuwa wakiishi mbalimbali, kila ukoo na shamba lake na msonge wake, walikuwa wamekusanywa wakajengeshwa nyumba za mraba, zimenyooshwa kwa kamba, mlango unatazamana na mlango. Zilifanana mno. Mtu akitoka chooni akikosea kuhesabu, aliingia kwa mwenzake na kukalia kitanda kabla hajagundua. Hospitali ilikuwa mbali, lori lilipita likijisikia, na maradhi yote ambayo dawa yake haikuwemo sandukuni kwangu yaliachiwa Mungu. Watu waliniita Nesi, nami sikuwasahihisha.

Nilipewa chumba kwa mjane mmoja, Bibi Mwantumu, mwanamke mwembamba mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Nyumba yake ilikuwa na vyumba viwili, na ukuta uliovigawa ulikuwa umeishia katikati kwa sababu udongo uliwaishia wajenzi, kwa hiyo kila alilolisema nilikuwa nalisikia, na kila nililoliomba kwa Mungu alikuwa ananijibia Amina kutoka upande wa pili. Alifanya hivyo kwa ukarimu tu, maana yeye alikuwa Mwislamu na sala zangu aliziona fupi. Mvua ilikuwa imekataa mwaka ule, tukawa tunakula ugali wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada, pamoja na mlenda. Bibi alikuwa akiutazama ule ugali kwa muda kabla ya kuugusa, akisema kwamba yeye amezoea bada, ugali wa muhogo, na kwamba chakula cha rangi ile kwao walikuwa wakichorea milango. Na kwa kuwa Wazigua na sisi Washambaa ni watani, alinitania tangu siku ya kwanza. Akasema watu wa milimani tunakula viazi ndani ya ukungu kwa sababu tunaona haya kuonana wakati tunakula. Mimi nikasema Wazigua wanakaa kwenye joto ili wapate sababu ya kutofanya kazi. Tulipatana sana.

Lakini alikuwa hapati usingizi. Kwetu na kwao asubuhi jambo la kwanza watu huulizana ni wamelalaje, na kila mtu hujibu kwamba amelala salama hata kama paa lilimwangukia. Bibi Mwantumu peke yake alijibu ukweli. "Sijalala," alikuwa akisema, kila siku, kwa kila aliyeuliza, mpaka wengine wakawa wanapita mbali na mlango wake ili wasilazimike kumsalimia. Alikuwa anakonda waziwazi. Alianza kusahau chungu motoni, halafu akaanza kusahau kula kilichokuwemo chunguni. Nilimpa aspro. Mwalimu wa madrasa alimwandikia kombe la aya za Kurani akalinywa, akasema lina ladha nzuri kuliko aspro zangu, lakini asubuhi jibu likawa lile lile.

Ndipo nilipokumbuka somo la mwisho la kozi yetu. Mwalimu wetu, muuguzi mstaafu aliyependa mifano ya chakula, alitufundisha kwamba mtu mwenye moyo mzito alazwe chali, aweke mkono tumboni, avute pumzi kama mtu anayenusa pilau, aishike kidogo, kisha aiachie polepole kama mtu anayepoza uji. Niliwakusanya wanawake nyuma ya ghala la kijiji, kila mmoja na mkeka wake, nikaanza. Niliposema wanuse pilau, ukimya uliofuata haukuwa wa amani. Mama mmoja mnene alikaa kitako akauliza pilau hiyo ya nani, na kama ipo, kwa nini wanalazwa chini badala ya kupewa. Mwingine akaapa kwamba yeye ameisikia harufu ya nyama kabisa, inatoka upande wa nyumba ya Mwenyekiti. Watoto waliokuwa wakichungulia walikimbia, nikadhani wameogopa, kumbe walikwenda kuchukua sahani. Mwaka wa njaa, na mimi nawanusisha watu pilau. Nilivyosalimika siku ile sijui.

Siku iliyofuata nilibadilisha, nikawaambia wanuse mvua. Wakaanza kulia. Kwa hiyo darasa likafa, akabaki Bibi Mwantumu peke yake, ambaye alikubali kuendelea ndani ya nyumba kwa sababu alinionea huruma. Alilala chali, akavuta pumzi vizuri kabisa, akaishika. Akaendelea kuishika. Nilimwona anabadilika rangi, nikamtikisa bega nikimwambia aiachie. Aliiachia kwa hasira, akaketi. "Umeniambia niiachie," akasema. "Niiachie kwa nani? Nyumba hii haina mtu." Nilimwambia kwamba pumzi haiachiwi mtu, inaachiwa tu. Akanitazama jinsi alivyokuwa akiutazama ule ugali wa njano.

Wiki hiyo hiyo alitoroka. Mgambo walimkuta njiani mchana kweupe, mkeka kichwani, anaelekea kwenye mahame, yaani kule walikohama, ambako kulikuwa kumekatazwa watu kurudi na ambako simba walikuwa wameanza kupita kama wenyeji. Walimrudisha kwa upole, lakini Mwenyekiti wa kijiji alikuja nyumbani na uamuzi wake tayari. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyepewa kijiji na kuambiwa kisipungue. Alisema bibi akitoroka tena atapandishwa lori, apelekwe hospitali ya wagonjwa wa akili kule milimani kwetu, asije akaliwa na simba halafu yeye akaandikiwa barua. Mimi hospitali ile niliijua tangu utoto. Wauguzi wake walikuwa watu wapole na wagonjwa walikuwa wakilima bustani na kuimba. Nilijaribu kumweleza Bibi hivyo, hata nikataja chai na mkate. Alinisikiliza huku ameshika ncha ya kanga yangu. "Nesi, mwanangu, sikatai ni watu wema," akasema. "Lakini mimi kule nitakufa, na sitakufa kwa wazimu, nitakufa kwa baridi." Nilitaka kumtania kuhusu baridi, utani ukanikwama. Nilijua anasema kweli, na nilikuwa nampenda.

Aliyeleta shauri alikuwa shemeji yake, Mzee Mbwana, mdogo wa marehemu mume wake. Mzee Mbwana alikuwa haoni vizuri mbali, wala karibu, lakini ungemwambia hivyo angekufukuza na bakora yake. Alinieleza kwamba ugonjwa wa shemeji yake kila mtu mzima anaujua isipokuwa chama na mimi. Watu walihamishwa upesi, wakachukua vyungu na kuku, wakawaacha wazee wao makaburini bila hata kuwaaga. Marehemu Kilua, mume wa Bibi, amebaki kule peke yake, na mke atapataje usingizi na mume ameachwa porini? Dawa yake ni kwenda kumchukua. Unateka udongo wa kaburi lake, unautia kibuyuni, unaufunga kwa kaniki, unauleta hadi nyumba mpya. Anayebeba, akishaugusa ule udongo, hasemi neno, hageuki nyuma, wala haitiki salamu ya mtu yeyote, mpaka autue. Na anayefaa kubeba ni mtani, kwa sababu mtani hata akikosea, wafu hucheka wakamsamehe. Kijiji kizima Mshambaa alikuwa mmoja tu.

Nilijua mchungaji wangu angesema nini, kwa hiyo nikaona nisimsumbue kwa kumwuliza. Tuliondoka asubuhi, tukijifanya tunakwenda kutafuta mitishamba. Mahame yalikuwa yamekwisha kumezwa na nyasi. Misonge ilikuwa imebomoka, moto wa porini ulikuwa umepita, na ua wa mnyaa uliokuwa mpaka wa shamba la Kilua na jirani yake ulikuwa umeungua wote, umebaki visiki vyeusi huku na huku. Mzee Mbwana alinieleza njiani kwamba jirani huyo, Mzee Semkiwa, alikuwa adui wa ukoo. Waligombea ule mpaka maisha yao yote, pamoja na mbuzi mmoja ambaye aliuvuka mpaka akiwa na mimba na ambaye alikwisha kuliwa zamani kwenye harusi. Kilua alipokufa, watu wake walimzika pembeni kabisa ya shamba, karibu na mnyaa, ili kaburi liwe ushahidi wa mpaka. Semkiwa alipomfuata, wanawe nao wakamzika pembeni kabisa upande wao, kwa sababu hiyo hiyo. Makaburi mawili, mnyaa katikati. Na sasa mnyaa haukuwepo.

Mzee Mbwana alisimama, akachoma bakora yake ardhini, akapapasa kaburi mojawapo. "Huyu hapa kaka yangu," akasema, na machozi yakamtoka. Alimwambia mambo mengi kwa Kizigua, akamwomba radhi, akaniamuru niteke. Niliteka udongo, nikaufunga, na kuanzia hapo nikawa bubu. Mzee alikuwa na uchungu mwingi kiasi kwamba aliisahau bakora pale pale kaburini, ikabidi ashike kanga yangu tukarudi hivyo, mimi mbele na kibuyu kifuani, yeye nyuma anapapasa njia kwa miguu.

Tulipofika kwenye korongo, mgambo akajitokeza. Alikuwa kijana mmoja niliyemfunga kidonda cha mguu siku chache kabla. Akasema, habari za huko, Nesi. Nikanyamaza. Akasema kwa sauti ya kazi kwamba wote wanaotoka upande wa mahame wajieleze. Nikamtazama. Mzee Mbwana akaona aokoe jahazi, akasema kwa haraka kwamba huyu binti ni mgonjwa, amefunga kauli ghafla, na yeye anamkimbiza kwa nesi.

"Mzee," akasema yule mgambo, "nesi ndiye huyu."

Mzee Mbwana alifikiri kidogo. "Basi ndiyo uone hali ilivyo mbaya," akasema.

Yule kijana alirudi nyuma hatua kadhaa, akautazama mguu wake wenye bandeji niliyoifunga kwa mikono yangu, akatuachia njia. Kisha akatutangulia mbio kwenda kutoa habari. Tulipoingia kijijini watu walikuwa wamejipanga mbele ya milango yao iliyonyooshwa kwa kamba, kila mlango na pole yake. Pole, Nesi. Pole, mwanangu. Yule mama mnene wa pilau alikuwa analia, anasema ni njaa imenipanda kichwani. Wazee waliosimama nikawapita bila shikamoo, mimi niliyelelewa kuamkia hata vivuli vya wazee, na mwili mzima ulikuwa unaniwaka kwa aibu. Mwenyekiti alisimama katikati ya njia akaniuliza nimepatwa na nini. Nikamzunguka. Nikaingia kwa Bibi Mwantumu, nikakitua kibuyu kwenye pembe aliyokwisha kuifagia, kisha nikatoka mlangoni na kuwaambia wote, mfululizo, shikamoo, shikamoo, shikamooni, sijambo, ahsanteni. Watu walishukuru Mungu kwa vigelegele. Mwenyekiti hakushangilia.

Bibi Mwantumu alilala. Nasema alilala, jua likaingia dirishani likamkuta, nikaenda kumsikiliza kama anapumua. Alipoamka aliomba chakula, akala ule ugali wa yanga bila kuutukana. Siku zikafuatana hivyo, akaanza kujaa mashavu, akarudi kunitania. Kitu kimoja tu kilinishangaza. Kila jioni, mlenda ukiwa motoni, alikuwa akiingia chumbani mwake na kusimama mbele ya ile pembe, na kupitia juu ya ukuta ulioishia katikati nilikuwa nikisikia ugomvi. "Mwongo wewe. Mbuzi alikuja mwenyewe. Na mnyaa niliupanda mimi." Ugomvi wa nguvu, wa kupumzika na kuanza tena. Halafu alikuwa akitoa pumzi moja ndefu, yenye kufika mwisho kabisa, hasa ile niliyoshindwa kumfundisha. Nilijisemea kwamba ndoa za watu hazijulikani, kumbe marehemu Kilua alikuwa mume wa kukorofishana naye kiasi kile.

Kisha Athumani Semkiwa akaja kwa Mwenyekiti akiwa amebeba bakora ya Mzee Mbwana. Athumani alikuwa mtoto mkubwa wa yule jirani adui, mtu mzima mwenye ndevu. Naye alikuwa amekwenda mahame kwa siri kumwomba baba yake radhi, maana hayo tuliyoyafanya sisi kila mmoja kijijini alikuwa akiyapanga kwa wakati wake, na alikuta kaburi la baba yake limechotwa na bakora ya adui imesimikwa juu yake. Baraza likaitwa mbele ya ghala. Athumani alisema hana maneno mengi, anataka kujua ni kwa sheria gani baba yake mzazi, mtu aliyekwenda msikitini kila Ijumaa, leo analala kwenye nyumba ya mjane wa Kilua. Watu waligeuka wote kumtazama Bibi Mwantumu. Mzee Mbwana alikuwa ameinamisha kichwa, na nilijua anachokifikiria, kwamba yale machozi yote aliyamwaga juu ya Semkiwa.

Mwenyekiti alikuwa na kazi ngumu. Alisimama, akanyoosha shati lake. "Chama hakitambui mizimu," akasema. "Kwa hiyo hakuna kilichoibiwa. Lakini kirudishwe." Na akaongeza, akinitazama mimi, kwamba huyo bibi akirudia kutolala na kutoroka, lori la kesho kutwa lina nafasi. Nilitaka kusema kitu cha kitaalamu, nikavuta pumzi, nikaishika, nikakosa pa kuiachia.

Bibi Mwantumu akainuka. Alisema yeye alijua tangu siku ya kwanza. Mume wake alikuwa mtu wa kimya, akitoa neno asubuhi hana la pili mpaka kesho yake. Ule udongo ulipotuliwa tu, akasikia kelele kifuani. Akajua huyu si Kilua.

"Mbona hukusema?" Athumani akamwuliza.

"Ningesema, mngemchukua." Aligeuka, na sasa hakuwa akimwambia Athumani peke yake. "Kule kwetu, jua likishuka, baba yako alikuwa akisimama upande wake wa mnyaa na mimi upande wangu. Kilua yuko ndani anakaa kimya. Tunagombana na baba yako mpaka ugali unaiva, nikiingia ndani sina kitu kifuani, nalala. Alipokufa nikaendelea naye pale pale kaburini, hakukosa majibu. Mkatuhamisha. Hapa nimewekwa katikati ya watu wema, kila anayepita ananiambia pole bibi, pole bibi. Nimgombeze nani, jamani? Nimgombeze huyu Mshambaa, mtoto wa watu?"

Yule mama mnene alijifuta macho na kanga. Athumani aliitazama bakora mkononi mwake, kisha akauliza kwa sauti ya chini, mzee anasemaje siku hizi kuhusu yule mbuzi.

"Bado anasema alikuwa wake."

"Lakini alikuwa wake kweli, mama," akasema Athumani.

Sijawahi kuona dawa ikimwingia mtu upesi namna ile. Bibi Mwantumu alijishika kiuno, akapandisha sauti, akamwambia Athumani kwamba uongo ameurithi pamoja na ndevu, na Athumani akajibu, naye alikuwa na sauti, na wakaanzia kwenye mbuzi wakafika kwenye mnyaa, wakarudi kwenye mbuzi, na wazee walioujua ugomvi ule tangu ujana wao wakawa wanatikisa kichwa kwa furaha pale mmoja alipokumbuka jambo lililosahaulika. Mwenyekiti alifunga baraza bila mtu kumsikia. Makubaliano yalifikiwa baadaye, wakati wanashusha pumzi. Mzee Semkiwa abaki pale alipo, na mwanawe awe anakuja kila jioni kumwamkia. Mtu mmoja aliuliza je, Kilua naye asiletwe? Bibi akasema Kilua alipenda shamba lake na utulivu wake, aachwe, na kwamba wale wawili wakiwekwa chumba kimoja hatalala hata Nesi. Athumani alitimiza ahadi. Kila jioni alikuwa akifika na kigoda chake, anakaa uani, na mpaka mlenda unaiva alikuwa anaitwa mwizi wa mbuzi. Lori la kwenda milimani lilipita likaenda na pamba tu.

Nilihamishwa mwaka uliofuata, na Bibi Mwantumu aliishi miaka mingi baada ya hapo, akilala vizuri. Mimi nilibaki na somo ambalo halikuwemo kwenye kozi, na kwa muda mrefu nililichukulia kuwa hadithi ya kuchekesha watu kwenye harusi. Nilidhani namcheka Bibi. Sasa nimefika umri wake, nimeolewa nikafiwa, watoto wananipigia simu kila Jumapili kuniuliza nimekula nini, washarika wananitembelea na kuniombea, kila mtu mwema, na jioni jua likishuka nasimama kwenye mchicha wangu na mdomo wangu hauna kazi. Hakuna aliyeniambia pole kwa Mama Rehema. Pole walipewa ndugu zake. Mimi nilikuwa yule jirani mkorofi, na watu walidhani nimepumzika. Ukweli ni kwamba hakuna mtu aliyenijua kama yeye. Alijua nimenunua nini sokoni, nimeamka saa ngapi, nimezungumza na nani, na vyote alivitumia dhidi yangu. Namkumbuka mno.

Basi kesho yake, baada ya kumaliza kumsimulia Neema, nilioga, nikavaa kitenge changu cha kanisani, nikachukua mkebe mtupu wa siagi na kijiko, nikaenda makaburini. Mwanamke mzee mwenye mkebe haulizwi kitu. Nilichota kidogo tu, nikafunga kwa kitambaa cheusi, nikaanza kurudi. Kwamndolwa yote ilikuwa nje asubuhi ile. Vijana wa bodaboda pale njiapanda walisimama wote, wana adabu siku hizi kuliko tunavyosema, wakaniamkia, shikamoo bibi, nikawapita. Muuza maandazi akaniita mara mbili. Mwinjilisti alitoka dukani akanipa mkono, na mkono wake ukabaki hewani. Niliwasikia nyuma yangu wakianza kuulizana, na sikugeuka. Nilipofika nyumbani habari zilikuwa zimenitangulia. Neema alikuwa mlangoni, simu sikioni, analia, anamwambia mama yake kwamba bibi amepooza mdomo, waje haraka.

Nilimpita. Niliuweka mkebe juu ya dirisha langu linalotazama mchicha, pale Mama Rehema alipokuwa akiegemea akija kunisuta, nikavuta kigoda, nikaketi mbele yake. Nilivuta pumzi kama mtu anayenusa pilau. "Haya, Mama Rehema," nikasema. "Sasa tuzungumze habari ya yule jogoo wako." Neema aliishusha simu polepole, na sauti ya mama yake ikawa inasikika kwa mbali ikiita, haloo, haloo.

Nilisema mengi siku ile, mengine yalikuwa yamekaa tangu mvua za mwaka juzi. Usiku nililala. Asubuhi, kabla hata sijafungua macho, kitu cha kwanza nilichokumbuka ni jibu zuri ambalo nilipaswa kumpa jana.